Dawa Zilizo Kwenye Tranka la Mwanao

Jioni shule zikishatoka, simama karibu na duka lolote la dawa la mtaani. Utaona watoto wenye sare wamepanga foleni pamoja na watu wazima. Msichana wa kidato cha pili anafika dirishani. "Shikamoo dokta. Naomba dawa ya tumbo." Muuzaji anamuuliza, la kuhara au la kubana? Binti anageuka, nyuma yake wamesimama wavulana wawili wa shule yao. Anashusha sauti: "Linauma tu." Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge vinne vya diklofenaki, anavitia kwenye kibahasha cha khaki na kupokea hela. Hakuna aliyemuuliza kama amekula mchana, kama ana vidonda vya tumbo au pumu, wala kama kuna dawa nyingine aliyokunywa asubuhi. Pale mkasi ulipopita, jina la dawa limebaki nusu, na tarehe ya mwisho wa matumizi imerudi kabatini pamoja na kipande kilichobaki.

Binti huyo hana kosa la kukemewa. Alikuwa na maumivu ya hedhi, alikuwa na mia tano mfukoni, na duka lilikuwa njiani. Nawaandikia wazazi, walezi, mashangazi na wajomba wanaosomesha, kwa sababu naamini jambo moja: mtoto hujitibu mwenyewe pale ambapo kuuliza kunamgharimu zaidi kuliko kumeza. Akiuliza nyumbani, atahojiwa. Akimwambia matroni, ataambiwa anakwepa darasa. Akienda zahanati, atapoteza siku nzima kwenye foleni, na huenda akaambiwa arudi na mzazi. Kidonge hakina maswali. Basi kazi yetu ya kwanza ni kupunguza gharama ya kuuliza, na ya pili ni kumfundisha yale machache ambayo mtu yeyote anayeshika kidonge anapaswa kuyajua.

Anza na kabati lako mwenyewe

Karibu kila nyumba ina pahala pa dawa zilizobaki: juu ya friji, kwenye droo ya kitanda, ndani ya kopo la biskuti. Humo mna nusu dozi ya amoksilini ya mwaka juzi, chupa ya dawa ya kikohozi iliyoganda mdomoni, vidonge vyeupe visivyo na jina, na tyubu ya krimu aliyopewa mjomba kwa ajili ya fangasi. Mtoto amekua akikuona ukiinua mkono kwenye kopo hilo kila kichwa kinapouma. Ameona pia ukimpa jirani vidonge vitatu "vilivyonisaidia mimi." Hapo ndipo alipojifunza kutibu, kabla hajalijua duka.

Limwage kopo hilo mezani leo, mtoto akiwepo. Kila kidonge kisicho na jina linalosomeka kiondoke. Kila kilichopita tarehe kiondoke. Antibiotiki zote zilizobaki ziondoke, hata kama tarehe haijapita, kwa sababu hakuna ugonjwa unaotibiwa kwa vidonge vitano vilivyosazwa. Usivimwage chooni wala kuvitupa jalalani vikiwa kwenye karatasi zake, kwani watoto wadogo huviokota. Vipeleke famasi au kituo cha afya, uwaombe waviteketeze pamoja na vyao.

Kinachostahili kubaki ni kichache sana: parasetamoli, ibuprofeni kama una binti aliyeanza hedhi, pakiti za ORS, vidonge vya zinki kama una watoto wadogo, kipimajoto, plasta na bandeji. Ongeza daftari dogo. Andika humo jina la kila mtoto, uzito wake wa karibuni, dawa inayomdhuru, na kila dawa anayopewa, saa na kiasi. Familia nyingi hazijui uzito wa watoto wao tangu walipoacha kliniki, na dozi ya mtoto hupimwa kwa kilo. Mpime kila likizo.

Panadol, dawa tunayoidharau

Parasetamoli ni dawa salama kwa kiasi chake. Tatizo ni kwamba tumeizoea hadi hatuihesabu kuwa dawa. Mtoto atakuambia hajanywa dawa yoyote, "Panadol tu."

Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtoto wa miaka 10 au 11 anatoshwa na kidonge kimoja kwa mara moja; wa miaka 12 hadi 15 kimoja, au kimoja na nusu; kuanzia miaka 16 kimoja au viwili. Kati ya dozi na dozi zipite saa nne kwa uchache, na ndani ya saa 24 zisizidi dozi nne. Ikiwa mtoto ni mwembamba kuliko rika lake, acha umri, ufuate kilo: miligramu 15 kwa kila kilo ndicho kiwango cha juu kwa dozi moja. Mtoto wa kilo 24 basi asipewe zaidi ya miligramu 360, na kwake yeye kidonge kizima kimeshazidi.

Sasa, mtego wenyewe uko hapa. Parasetamoli imo ndani ya dawa nyingi zenye majina mengine. Dawa za mafua za vidonge na za unga wa kuchanganya na maji ya moto nyingi zinayo. Vidonge vingi vya maumivu ya mgongo na misuli vinayo, vikiwa vimechanganywa na diklofenaki au ibuprofeni. Kijana mwenye mafua na kichwa kinachogonga akinywa Panadol asubuhi, dawa ya mafua mchana na "ya maumivu" usiku, anaweza kupita kiwango cha siku bila kujua, maana kwake hizo ni dawa tatu tofauti. Mfundishe kugeuza pakiti na kutafuta maandishi madogo chini ya jina kubwa la biashara. Jina lile dogo ndilo dawa. Panadol Extra, kwa mfano, ina parasetamoli ileile ya miligramu 500 pamoja na miligramu 65 za kafeini. Mwanafunzi anayeinywa saa nne usiku ili apate usingizi anajikosesha usingizi mwenyewe.

Parasetamoli iliyozidi huharibu ini, na haitoi tangazo. Siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa, pengine kichefuchefu kidogo tu, ilhali ini limeshaanza kuumia. Ipo dawa ya kuzuia madhara hayo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Kwa hiyo ukigundua mtoto amekunywa nyingi, iwe kwa bahati mbaya au kwa makusudi, usisubiri aumwe. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Vipo pia vidonge vya kichwa vinavyouzwa kimojakimoja dukani, kando ya peremende na kiberiti. Vingine vina aspirini. Mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe aspirini pasipo daktari kumwandikia, hasa akiwa na homa, mafua au tetekuwanga, kwa kuwa inaweza kuleta ugonjwa adimu lakini wa hatari sana unaoshambulia ini na ubongo. Na mtu anayeishi pwani akumbuke dengue, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Homa hiyo inaweza kusababisha kuvuja damu, na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari hiyo. Homa ambayo bado haijajulikana chanzo chake ipozwe kwa parasetamoli pekee.

Maumivu ya hedhi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wasichana wengi wanapoanza kujitibu, na ndipo tunapowaacha peke yao.

Maumivu ya siku za kwanza yanatokana na kemikali ambazo mji wa mimba huzitoa ili ujikaze na kusukuma damu. Dawa za jamii ya ibuprofeni hupunguza utengenezaji wa kemikali hizo, ndiyo maana husaidia kuliko parasetamoli, na ndiyo maana huleta nafuu zaidi zikinywewa mara maumivu yanapoanza kuliko binti anapokuwa tayari amejikunja kitandani. Kwa msichana wa miaka 12 na kuendelea, ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400, baada ya kula, kila baada ya saa sita hadi nane, kwa siku mbili au tatu, inatosha. Jumla ya siku isizidi miligramu 1,200 bila ushauri wa daktari.

Diklofenaki ni ndugu wa ibuprofeni, na kali zaidi kwa moyo na tumbo. Binti asizinywe zote mbili kwa pamoja akidhani anaongeza nguvu. Anachoongeza ni madhara. Zote mbili huchubua ukuta wa tumbo, na tumbo la mwanafunzi aliyekunywa uji saa kumi na mbili asubuhi na hatakula tena hadi saa nane mchana ni tupu. Wengi wanaolalamika kiungulia na "vidonda vya tumbo" wakiwa kidato cha tatu wamekuwa wakimeza dawa hizi kila mwezi bila chakula. Mwenye pumu apate ushauri kwanza, kwani kwa baadhi ya watu wenye pumu dawa hizi hubana kifua. Aliyetapika au kuhara sana asizinywe, maana huumiza figo zenye upungufu wa maji.

Zaidi ya dawa, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga na kuwekwa chini ya kitovu inasaidia kweli. Kutembeatembea kunasaidia pia. Na binti anayekosa shule kila mwezi, au ambaye dawa hazimpunguzii, au anayebadilisha pedi kila saa, anahitaji kuonwa na daktari. Yako magonjwa yanayojificha nyuma ya maumivu hayo, na kumwambia "utazoea" au "ukizaa yataisha" ni kumchelewesha.

Mama, dada au shangazi aanze mazungumzo haya kabla ya hedhi ya kwanza. Baba anayelea peke yake naye anaweza: "Mwanangu, siku zako zikikuuma niambie, dawa ipo kwenye lile kabati, unakula kwanza ndipo unakunywa." Sentensi hiyo moja inamwondoa binti kwenye foleni ya dirishani.

Amoksilini ya mafua, Flagyl ya tumbo

Mabwenini dawa huenda kwa mgao. Mmoja amepewa na hospitali dozi ya siku saba. Siku ya tatu amepona, zilizobaki anawagawia wenzake. Mwenye koo anapewa mbili, mwenye jipu anapewa mbili, mwenye kikohozi anapewa moja ya mwisho. Wote wanaamini wametibiwa.

Mafua hayaponi kwa antibiotiki. Yanaletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Makoo mengi yanayowasha pamoja na mafua ni hivyo hivyo. Mtoto anapona kwa sababu mwili umeshinda, kisha anampa sifa kidonge, na mwaka unaofuata anakitafuta tena. Wakati huohuo bakteria wa kawaida waliomo mwilini mwake wamepata mafunzo ya kuishi na dawa hiyo. Siku atakapopata nimonia ya kweli au kidonda kilichooza, dawa ya bei nafuu itakataa na atahitaji sindano za bei mbaya.

Tumbo la kuhara nalo. Flagyl imekuwa jibu la kila tumbo, lakini metronidazoli, dawa iliyomo ndani yake, inatibu vimelea maalumu kama amiba na giadia, na kuhara kwingi kwa watoto si kwa vimelea hivyo. Kinachoua katika kuhara ni kuishiwa maji na chumvi. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, anywe kidogokidogo mchana kutwa. Kama ORS haipo, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Usizidishe chumvi. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au anatapika kila anachokunywa, peleka hospitali.

Kisha iko hiyo inayoitwa "UTI sugu." Msichana anasikia mkojo unawaka, rafiki anamtajia dawa, anakunywa siku mbili, nafuu, inarudi, anabadilisha dawa. Baada ya mwaka anajiita mgonjwa wa UTI sugu, ingawa pengine hakuwahi kupimwa mkojo hata mara moja. Kuwashwa na uchafu wa fangasi, magonjwa ya zinaa, hata sabuni kali ya kunawia huweza kufanana na UTI, na kila kimoja kina tiba yake. Fangasi, tena, mara nyingi huletwa na hizohizo antibiotiki. Mkojo upimwe kwanza, na ikiwa tatizo limerudi mara kadhaa, uoteshwe maabara ili ijulikane ni dawa ipi inayofaa. Binti apewe chupa ya maji ya kwenda nayo shuleni, na walimu wamruhusu kwenda chooni. Wasichana wengi hawanywi maji mchana kutwa kwa sababu vyoo vya shule havifai, na hilo si tatizo la kidonge.

Malaria: pima, kisha maliza

Sisi tuna historia yetu na usugu, wala haihitaji kutafutwa mbali. Klorokwini iliyotibu vizazi viwili ilishindwa, na mwaka 2001 Tanzania Bara ikaiacha na kutumia dawa iitwayo SP. SP nayo haikudumu. Mwishoni mwa 2006 ndipo dawa mseto, ALu, ilipochukua nafasi. Miaka ya karibuni watafiti wamekuta mkoani Kagera vimelea vyenye mabadiliko yanayochelewesha nguvu ya artemisinini, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa dawa mseto. Majirani zetu Rwanda waliyaona kabla yetu. Hivyo nusu dozi inayofichwa ndani ya tranka si jambo la mtoto mmoja.

Homa ipimwe ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka cha tone la damu la kidoleni hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Kama hakuna malaria, dawa mseto haitamsaidia, na homa yake ina sababu nyingine inayosubiri kutafutwa. Kama ipo, dozi ni mara sita kwa siku tatu: ya kwanza, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mwenye kilo 15 hadi 24 anakunywa vidonge viwili kila mara, 25 hadi 34 vitatu, 35 na kuendelea vinne. Inywewe na chakula chenye mafuta au maziwa, kwani tumbo tupu halifyonzi dawa hiyo vizuri. Wanafunzi wengi huacha siku ya pili homa ikishuka na kuweka akiba ya "malaria ijayo." Mwambie mapema kabisa kwamba siku ya tatu ni ya kuua wale vimelea waliobaki, na umwone akimeza ya mwisho.

Homa yenye degedege, kuchanganyikiwa, kushindwa kukaa, kutapika kila kitu au mkojo mweusi ni dharura. Hapo usianze na kidonge nyumbani.

Vidonge vya mwonekano na vya mtihani

Kuna dawa ambazo kijana hazinywi kwa sababu anaumwa. Wasichana wanauziwa vidonge vya kunenepa na kuongeza makalio. Ukivichunguza, vingi ni deksamethasoni, dawa ya steroidi, pamoja na siproheptadini inayoleta hamu ya kula na usingizi. Mwili unajaa kweli, ila kinachojaa ni maji na mafuta usoni na tumboni. Steroidi hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, hushusha kinga. Baya zaidi, zikinywewa kwa wiki kadhaa tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake. Akiacha ghafla anaweza kuzimia na kufa. Ukigundua mwanao anazitumia kwa muda, usimnyang'anye na kuzitupa usiku huohuo. Mpeleke kwa daktari azipunguze polepole.

Krimu za kupaka ni ndugu wa hizo. Tyubu za betamethasoni na klobetasoli zinanunuliwa kwa chunusi na kung'arisha uso. Mwezi wa kwanza uso unang'aa, baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinarudi mara mbili. Chunusi za ujana zina dawa zake, na zinahitaji uvumilivu wa wiki sita hadi nane. Mchukulie kwa uzito anapokulalamikia uso wake. Kwa kijana wa miaka 15 uso ni jambo kubwa, na akipuuzwa nyumbani atasikilizwa na mwuza krimu.

Wakati wa mitihani, vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa huchanganywa na vidonge vyenye kafeini. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakatika, na anachosoma hakikai. Tramadoli ni hadithi nyingine kabisa. Ni dawa ya maumivu makali inayotolewa kwa cheti cha daktari, nayo ni ya jamii ya afyuni. Vijana huipata kwa njia za mkato ili kufanya kazi bila kuchoka au kusikia raha. Huleta uraibu, huweza kuleta degedege, na ikizidi huzima pumzi. Kijana akiwa mzito kuamka na anapumua polepole, mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

P2

Najua wapo wasomaji ambao wangependa niruke hapa. Lakini P2 inauzwa, wanafunzi wanaifahamu, na wanafundishana vibaya. Ni kidonge cha dharura cha levonojestreli cha kuzuia mimba kinachotakiwa kunywewa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Hakitoi mimba iliyokwisha kuingia. Hakizuii Ukimwi wala ugonjwa wowote wa zinaa. Hakikuwekwa kiwe njia ya kila wiki. Kikirudiwa mara kwa mara, hedhi huvurugika na uwezekano wa kupata mimba unabaki.

Ukikuta pakiti hiyo kwenye begi la binti yako, kabla ya ukali uliza kwa upole ni nani na ilikuwaje. Mtoto aliyelazimishwa hujitibu kimyakimya kuliko wote. Kama amebakwa, hospitali inaweza kumpa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, nazo pia zina ukomo wa saa 72, kwa hiyo hasira zisiwapotezee saa. Namba 116, Tanzania na hata Kenya, ni ya bure ya huduma kwa mtoto, naye mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Akienda dukani peke yake

Itatokea, hasa akisoma mbali. Duka zuri lina kibali cha Baraza la Famasi ukutani, mahali panapoonekana. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima, yana watoa dawa waliofundishwa na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza. Mtoto ajue kwamba yule anayeitwa dokta dirishani mara nyingi si daktari, na kwamba ana haki ya kumwuliza: hii inaitwaje, nanywa ngapi, saa ngapi, kabla au baada ya kula, na isipofaa nifanyeje? Amtajie dawa nyingine anazotumia na ugonjwa alio nao. Aombe kipande chenye jina na tarehe, au yaandikwe kwenye bahasha mbele yake. Asinunue dawa ya macho kwa kukisia. Baadhi zina steroidi na zinaweza kuharibu jicho. Na asitaje dawa, ataje shida. Anayesema "naomba amoksilini" atauziwa amoksilini. Anayesema "koo linauma tangu juzi na nina mafua" anampa mtoa dawa nafasi ya kumwambia hahitaji antibiotiki.

Shule za bweni

Siku ya kufungua shule, dawa anazotumia mwanao zikabidhiwe kwa matroni au mwalimu wa afya, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na barua fupi ya kueleza dozi. Kisha uulize bila kuona haya: mtoto akiumwa usiku anamwamsha nani? Ruhusa ya kwenda hospitali inatolewa na nani, na inachukua muda gani? Kuna daftari la kuandika dawa zilizotolewa? Shule ambayo mgonjwa anapita kwa watu wanne ndipo aruhusiwe inazalisha maduka ya dawa ndani ya matranka. Wazazi mkiuliza pamoja kwenye kikao, mambo hubadilika.

Wapo ambao dawa yao isiondoke mkononi. Mwenye pumu akae na kifaa chake cha kuvuta mfukoni hata darasani. Kufungiwa ofisini kunaweza kumuua. Mwenye kisukari aachiwe insulini na vitafunio vyake kwa utaratibu uliokubaliwa. Mwenye selimundu akipata homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asipozwe kwa Panadol bwenini. Na mtoto anayetumia dawa za kufubaza VVU apatiwe mahali pa siri na mtu mzima mmoja anayeaminika, kwa sababu anayeogopa kuonekana akimeza huacha kumeza.

Akikuambia amekunywa kitu

Siku moja atakuja, au atapiga simu kwa simu ya mwalimu. Maswali ni matatu tu: umekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi? Mshukuru kwa kukuambia. Kama kiasi kimezidi, au hukijui, usimtapishe wala kumnywesha maziwa au mafuta. Kutapishwa kunaweza kupeleka dawa mapafuni. Chukua pakiti, chupa na hata vidonge vilivyobaki, nenda navyo hospitali pamoja naye. Kama alikunywa kwa makusudi ya kujidhuru, mwambie mganga waziwazi, asiachwe peke yake hata dakika moja, na asirudishwe nyumbani kabla ya kuonwa na mtu wa afya ya akili. Akiwa bwenini, mwambie mwalimu wa zamu aondoke naye sasa hivi, mkutane hukohuko.